Chujio la Maneno

4 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu kutoka huku nyumbani. Sisi ni wazima wa kutembea, si wazima wa kuruka. Goti la Mama linamsumbua kila asubuhi, lakini sauti yake haina goti, bado inafika ghorofa ya tatu bila kupanda ngazi. Jirani wa chini amenunua spika mpya, kwa hiyo nyimbo zake sasa tunazijua zote. Mama anakusalimu kwa moyo wote, anakuombea afya njema, na anasema ujitunze na vumbi la huko machimboni.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Nimepandishwa cheo. Tangu mwezi uliopita mimi ndiye msimamizi wa zamu ya asubuhi pale kiwandani kwetu. Usishangilie kwanza. Kazi ni ile ile ya kufua shuka za hospitali na mataulo ya mahoteli, mvuke ni ule ule, ila sasa badala ya kukunja shuka ninakunja maneno. Meneja yuko juu kwenye chumba chake cha vioo, wafanyakazi wako chini kwenye joto, na mimi niko kwenye ngazi, napanda na kushuka. Jioni miguu inawaka moto.

Walitupeleka semina ya siku mbili, sisi wasimamizi wapya. Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye viatu vyeupe ambavyo ni wazi havijawahi kukanyaga sabuni. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kusinzia, lakini neno moja lilinikaa. Alisema msimamizi wa kati ni chujio. Ya juu yakishuka yana ukali, wewe unauchuja. Ya chini yakipanda yana hasira, unaichuja vilevile. Kila upande unapata kilicho safi, na kazi inakwenda.

Mdogo wangu, mimi nimeanza kuchuja, na nakwambia inafanya kazi. Juzi Meneja kaniita, kasema, “Waambie hao kobe wako, shuka za hospitali zikichelewa tena naajiri wengine. Mtaani wamejaa.” Nikashuka nikawaambia, “Meneja anawasalimu. Anasema hospitali imesifu usafi wetu, na angefurahi tukiwahi kidogo.” Wakawahi. Mama Mvuke, yule mwanamke mnene anayelisha shuka kwenye pasi kubwa, naye akanituma: “Mwambie huyo bwana aje asimame hapa saa moja tu, tuone kama hataiva.” Nikapanda nikasema, “Wanaulizia feni, bosi, ukipata nafasi.” Baada ya wiki feni ikaja. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, wahenga hawakukosea.

Ila nachoka. Nikifika nyumbani sitaki hata kuulizwa saa ngapi. Niandikie, wewe uliyezoea kuwa chini ya watu, uniambie msimamizi mzuri anaonekanaje akitazamwa kutoka chini.

Dada yako

---

20 Machi

Mheshimiwa Msimamizi, dada yangu, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Mtandao wa simu huku unapatikana juu ya kilima tu, na kilima ni cha wakubwa. Barua zinakwenda na lori la maji, na lori la maji lilikatika ekseli, likakaa njiani mpaka dereva akaota ndevu. Mimi ni mzima. Jenereta zangu tatu nazo ni wazima, isipokuwa ile kubwa ambayo ni mgonjwa wa kujitakia.

Hongera kwa cheo. Nilicheka mwenyewe kama mwendawazimu nilipofikiria wewe, uliyekuwa ukitupangia zamu ya kuosha vyombo mimi na Baba, kwamba ulihitaji semina.

Umeniuliza msimamizi mzuri anaonekanaje kutoka chini. Nikwambie la huku. Sisi tuna Nyapara wetu. Ana mdomo kama msasa. Wakubwa wakimwambia tu wavivu, anakuja anasema, “Jamani, wamesema ninyi ni wavivu. Mimi nimewaambia ni waongo, lakini ndivyo walivyosema.” Mwanzoni nilimchukia. Sasa namwelewa. Kwake unajua mvua inatokea wapi, unajua uweke ndoo upande gani.

Hilo chujio lako nimelifikiria sana. Mimi napika chai yangu mwenyewe huku, na nijuavyo, chujio lina kazi mbili. Moja ni kupitisha chai. Ya pili ni kubaki na majani. Je, wewe majani unayatupa wapi? Maana lisipokung'utwa, baadaye hata chai haipiti.

Halafu nikuulize. Mama alisema hivyo kweli, “kwa moyo wote”? Kwa kinywa chake?

Wasalimie wote wanaoniulizia.

Mdogo wako

---

9 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya dizeli, nikajua ni wewe kabla ya kufungua. Sisi hatujambo. Mvua zimeanza kwa fujo, dari la jikoni linavuja pale pale palipokuwa pakivuja enzi za Baba. Mama amefurahi kusikia u mzima. Anasema anakukumbuka, na chumba chako kipo kama ulivyokiacha. Anakusalimu tena na tena.

Majani ya chai nayabeba. Nayatupa wapi? Nikimwambia nani? Juu nikimtazama Meneja namwona yule “mtu asiye na utu” wa Mama Mvuke. Chini nikiwatazama wenzangu nawaona “kobe” wa Meneja. Matusi yote ya jengo lile yanalala kwangu, dada yako nimekuwa stoo. Lakini kazi inakwenda, mdogo wangu. Meneja ameniita mbele ya wasimamizi wengine akasema, “Zamu yako haina kelele. Wengine wajifunze kwako.” Na chini huko wameanza kumpenda. Wanasema kumbe yule mtu si mbaya, ni sura tu ndiyo imemponza. Mzee wa matoroli, tunayemwita Katibu kwa sababu hawezi kufungua mdomo bila kutoa hotuba, sasa anainama Meneja akipita.

Kuna jambo moja tu linanikosesha raha. Ile pasi kubwa tunaiita Jitu. Ni mapipa mawili ya moto. Shuka inaingia mbichi upande huu, inatoka upande wa pili imenyooka. Jitu lina kitufe chekundu cha kulisimamisha ghafla, na kitufe kimeanza kukwama. Unabonyeza mara mbili, tatu, ndipo linasikia. Mama Mvuke amenishika mkono akaniambia, “Mwambie kabla halijamla mtu vidole.” Nikapanda. Nikamkuta Meneja ana mkutano na wageni, ana kichwa kinamuuma. Nikasema, “Bosi, Jitu nalo linahitaji kuangaliwa.” Akasema sawa, mwezi ujao. Niliposhuka walinitazama wote. Nikawaambia ameshaagiza kifaa.

Unadhani ningesema nini? Ningewaambia mwezi ujao, wangesimamisha kazi. Ningemwambia vidole, angesema ninawapandisha watu mori. Nitamkumbusha wiki ijayo.

Uliniuliza kuhusu Mama. Mama ni Mama, unamjua.

Dada yako

---

25 Mei

Dada, shikamoo.

Natumaini dari mmeliziba. Mimi nilikuwa na homa kidogo, imepita, usimwambie Mama. Jenereta kubwa imekufa rasmi na tumeletewa mpya ambayo haijui hata mtu anayeihudumia. Hayo ndiyo ya huku.

Leo sina utani mwingi. Nimepewa likizo, inaanza wiki ya pili ya Agosti. Nimeamua kuja nyumbani.

Sijawahi kukwambia nilichokuwa nacho moyoni. Siku ile nilipoondoka, siku tatu baada ya kumzika Baba, nilimpigia Mama kutoka stendi. Nilitaka kumweleza kwamba karakana ya Baba mimi siiwezi, kwamba kila redio niliyoishika pale ilikuwa na alama ya vidole vyake. Hakunipa nafasi. Alisema, “Mtoto anayetoka kwa mlango wa nyuma kama mwizi, asirudi mpaka nimwite kwa jina.” Akakata. Huu mwaka wa tatu sijasikia sauti yake, na nilishajiapiza kwamba bila kuitwa siji, hata anizike bila kuniona.

Lakini barua zako zimenilainisha. Kila moja ina salamu zake. Ananikumbuka, ananiombea, chumba changu kipo. Nikajisemea, huyu ameshaniita mara ngapi kwa mkono wa Dada, nami nasubiri tarumbeta? Nimemtengenezea kigoda cha chuma chenye mto juu, cha kuwekea mguu, kwa ajili ya lile goti. Nyapara amekikalia akasema kinafaa hata waziri.

Mwambie nakuja. Niandikie atasema nini, neno kwa neno, nipate usingizi.

Mdogo wako

---

30 Mei

Mdogo wangu,

Sijui hata kama barua yangu ya mwisho uliipata, kimya chako kimekuwa kirefu. Mama hajambo. Leo nitafupisha salamu, nina uchungu.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwenye mapazia.

Wenzangu walikaa kikao bila kuniambia. Wakaamua kwamba Meneja mwema namna ile, anayewasalimu kila asubuhi, aliyewanunulia feni, aliyewaagizia kifaa cha Jitu, hawezi kuachwa hivi hivi bila shukrani. Kwa kuwa sisi ni wafuaji, wakaamua kumpa tunachokijua. Jumamosi akiwa hayupo wakapanda ofisini kwake, wakashusha mapazia yote, yale mazito ya rangi ya maziwa ambayo tangu jengo lijengwe hayajaguswa. Wakayafua, wakayapiga pasi kwa mkono, marinda yakakaa sawasawa. Walitaka kuyarudisha Jumatatu mapema kabla hajafika.

Jumatatu akafika mapema kuliko wao. Akakuta madirisha uchi. Alishuka ngazi akipiga kelele kwamba tumemwibia, na pale chini akakutana na wafanyakazi wamejipanga mstari, mapazia mikononi, wanatabasamu. Nilikuwa nimesimama pembeni ya Jitu. Mdogo wangu, nilitamani linimeze mimi.

Katibu akasonga mbele na hotuba yake. “Bosi wetu, sisi ni watu wadogo. Lakini tumeona. Tunakushukuru kwa maneno mazuri unayotutumia kila siku kupitia kwa msimamizi wetu. Tunakushukuru kwa kutusifu. Na zaidi tunakushukuru kwa kile kifaa ulichoagiza, maana vidole vyetu ndivyo vinavyotulisha.”

Meneja akauliza, “Maneno gani?” Kisha akauliza, “Kifaa gani?”

Wakageuka wote kunitazama, yeye upande mmoja na wao upande wa pili, na mimi katikati. Hapo ndipo niliposikia kitu ambacho sitakisahau. Mama Mvuke alisema polepole, wala si kwa hasira, “Kumbe tulikuwa tunampenda mtu ambaye hayupo.” Akaweka pazia juu ya toroli, akarudi kazini.

Meneja alinipandisha juu. Nilidhani amenifukuza. Alikaa kwenye kiti chake mbele ya yale madirisha matupu, jua likimpiga usoni, akaniuliza kile kitufe kina nini. Nikamwambia, kwa mara ya kwanza, kama nilivyoambiwa: kinakwama, na siku moja Jitu litamla mtu vidole. Akasema, “Uliniambia linahitaji kuangaliwa. Hata gari langu linahitaji kuangaliwa. Kwa nini hukusema vidole?” Jitu lilizimwa siku ile ile, na fundi amekuja ndani ya wiki. Yule yule Meneja asiye na utu. Ilihitaji neno moja tu ambalo mimi nililiona kali mno kwake.

Sasa hakuna anayenisemesha. Wakinituma kitu wananitazama machoni kwanza, kama watu wanaohesabu chenji. Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka mpaka kwenye nywele. Nilidhani ninawabebea mzigo, kumbe nilikuwa nawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, juu na chini.

Kuna kingine ninachotaka kukwambia lakini leo sina nguvu.

Dada yako

---

22 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe 25 na yangu ya tarehe 30 zimepishana njiani. Nimeisoma yako jikoni nikiwa nimesimama, na mpaka namaliza nilikuwa nimekaa sakafuni.

Sikuanza na salamu za Mama. Nadhani umeliona hilo.

Mama hajawahi kunituma salamu kwako. Hata moja. “Kwa moyo wote” ni yangu. “Anakukumbuka” ni yangu. Chumba chako kweli kipo, lakini hilo nililiona mimi kwa macho yangu, yeye hajalisema. Na si hivyo tu. Barua zako nilikuwa namsomea, na mwishoni naongeza: “Anakusalimu sana Mama, anakuomba radhi, anakuombea afya njema.” Wewe hujawahi kuandika hivyo. Nilikuwa nachuja hata kabla sijaenda semina. Nilikuwa nikiwatazama ninyi wawili mmenuna, kila mmoja kwenye kona yake, nikaona nikiendelea kutia sukari kidogo kidogo mtakutana katikati. Nakuomba unisamehe, na kama huwezi sasa, nitangoja.

Baada ya kusoma barua yako nilikwenda kwa Mama. Alikuwa amekaa dirishani, anafumua shati kuukuu la Baba apate vitambaa vya kudekia. Nikamwambia, “Mama, zile salamu za yule mtoto nilikuwa nazitunga.”

Hakuinua hata uso. “Najua.”

“Tangu lini?”

“Tangu ile ya kwanza. Mwanangu mimi, aniombee afya njema? Yule tangu alipojua kusema, akiniona neno lake ni moja tu: ‘Mama, kuna nini cha kula?’”

“Sasa mbona hukuniambia?”

“Ulikuwa unarudi umechoka. Halafu ulikuwa unazisoma vizuri.” Akavuta uzi. “Na mimi je? Nilimwambia nini?”

“Ulimsalimu kwa moyo wote.”

Alicheka, mdogo wangu. Alicheka mpaka akashika goti. Nami nikaanza kucheka, nikidhani yameisha. Nikamwambia, “Sasa anakuja, Mama, wiki ya pili ya Agosti, na amekutengenezea kigoda cha kuwekea mguu.” Kicheko kikakatika pale pale. Akaniuliza, “Anamjia mama gani?”

Akafumua mkono mzima wa lile shati. Kisha akasema nilete kalamu. Akasema, “Andika ninavyosema, na nikikuona unatafuta neno zuri nitakupiga na mkasi.” Haya ndiyo maneno yake. Sikuongeza, sikupunguza.

“Mwambie sijamwita. Nilisema asije mpaka nimwite kwa jina, na jina lake sijalitaja. Mwambie bado nina hasira naye, na hasira yenyewe haijapungua hata kijiko.

“Nilimzika mume wangu. Siku ya tatu nikaamka, nikaenda kumwangalia mwanangu kama ameweza kulala. Nikakuta kitanda kimetandikwa. Kimetandikwa vizuri, kona zote zimekunjwa kama alivyofundishwa na dada yake. Mwambie hilo ndilo linaloniuma, si mlango wa nyuma. Mtu anayekimbia haachi kitanda hivyo. Alikuwa na muda wa kona nne. Alishindwa kunigongea mlango mara moja?

“Ya karakana sikumbuki tena. Karakana nimempangisha fundi cherehani.

“Mwambie nina mengine ya kumwambia na siyasemi hapa, kwa sababu huyu anayeandika ameanza kulia na atalowanisha karatasi. Mimi simwiti. Lakini miguu ni yake. Akija, aje mchana, kwa mlango wa mbele, watu wakimwona. Na asije na maneno ya dada yake mdomoni. Aje na yake, hata kama ni mabaya.”

Basi. Nilimsomea mara mbili. Mara ya pili alisema, “Hapo sawa,” akarudi kwenye shati lake.

Sijui sasa utafanya nini. Nilikuharibia kiapo chako kwa uongo, na ukiamua kutokuja sitakuwa na pa kukulaumia. Ningependa uje. Hilo ni langu mimi, si la Mama.

Kazini tunaendelea. Asubuhi nasimama mbele yao nasema, “Meneja amesema tumezembea. Hayo ni yake. Langu ni kwamba jana mlikuwa pungufu watu wawili, na nimemwambia.” Wananung'unika, wanampigia Meneja kelele, Meneja naye anawajibu. Zamu yangu imekuwa na kelele kuliko zote. Hakuna anayenitaja kama mfano tena.

Dada yako

---

28 Julai

Dada, shikamoo.

Mimi ni mzima. Lori la maji lilipita mara tatu na mara zote tatu nililiacha liende bila barua.

Nilikasirika. Sitakuficha, maana naona kuficha kumeshatugharimu. Nilikwenda kwa Nyapara nikamwambia nafuta likizo. Akaniuliza sababu, nikamwambia mama yangu hajaniita. Akasema, “Mimi wa kwangu hawezi kuniita tena,” akaendelea kufunga nati. Kwa kawaida yule mtu hazungumzi mambo yake.

Kile kigoda nilikitupa nyuma ya tangi la dizeli. Kikakaa huko siku kadhaa na vumbi lake. Halafu jioni moja nikasoma tena ile sehemu ya Mama. Nikasikia mpaka anavyovuta pumzi kabla ya kusema “hata kijiko”. Dada, zile salamu zako zote zilikuwa nzuri, na hakuna hata moja niliyoisikia kwa sauti. Hii nimeisikia. Nilikaa pale karibu na jenereta nikalia kama mtoto, na kwa kuwa jenereta ina makelele hakuna aliyejua.

Kuhusu kitanda nina jibu. Lakini si la kwako. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, nimeifunga kwa gundi ya gasketi, ile ya kuzibia injini, haifunguki ila kwa kisu. Ni ya Mama. Mpe mkononi mwake. Usiisome, usimsomee, usimweleze nilikuwa na maana gani. Miwani anayo.

Na wewe uache kujipiga. Ulibeba majani ya kila mtu bila mahali pa kuyamwaga. Kung'uta hilo chujio, upumzike.

Mdogo wako

---

9 Agosti

Mdogo wangu,

Barua hii sijui itakukuta huko au itapishana nawe njiani, lakini naandika hivyo hivyo, mikono imezoea.

Sisi tupo. Dari tumeliziba kwa bati, sasa linavuja pembeni. Kazini nimepata mafua ya kwenda kwenye joto na kutoka kwenye baridi. Mama Mvuke juzi alinisogezea kiti. Mapazia ya Meneja yamerudi dirishani, na Katibu anadai marinda ya upande wa kushoto yamekaa vibaya kwa sababu Meneja aliyatundika mwenyewe. Alikataa kusaidiwa.

Karatasi yako nilimpa Mama ikiwa imefungwa kama ilivyokuja. Alihangaika na gundi yako mpaka akaomba kisu cha jikoni. Akahamia dirishani, akavaa miwani, akanipa mgongo. Nilisimama mlangoni, Mungu anisamehe, nikitazama mabega yake nione kama yatasema kitu. Hayakusema. Alisoma muda mrefu kwa karatasi ndogo vile. Kisha akaikunja, akaitia kwenye kifuko cha miwani, akafunga kifuko.

Sijui uliandika nini. Sikumuuliza, na ulimi ulikuwa unaniwasha. Nilikwenda kulala, na nililala mpaka asubuhi bila kuamka, kitu ambacho sijakifanya tangu nipewe hiki cheo.

Leo Jumapili nimemuuliza kama ana salamu za kukutumia. Akasema hana.

Lakini amefungua kabati, ametoa shuka zako, zile za mistari ya buluu, akanipa nizipige pasi. Nikamwambia, “Mama, kesho nitazipeleka kazini, Jitu litazinyoosha mara moja.” Akasema hapana, zipigwe hapa hapa, kwa mkono. Nikapiga. Nilipoanza kutandika kitanda chako alinifuata na goti lake mpaka chumbani, akanisukuma kando, na kona zote nne amezikunja mwenyewe.

Dada yako